Siku ya Kwanza ya Kazi: Historia ya Mlango wa Chama cha Waigizaji wa Hollywood

Kijana anayefika Los Angeles kutafuta nafasi katika filamu hukutana mapema na kitendawili. Kazi zenye malipo ya kueleweka, bima na ulinzi zimo katika filamu zinazotengenezwa chini ya mikataba ya SAG-AFTRA, chama cha wafanyakazi kinachowaunganisha waigizaji wa filamu na televisheni, watangazaji na wasanii wa sauti nchini Marekani. Kampuni zilizotia saini mikataba hiyo zina wajibu wa kuwatanguliza wanachama, kwa hiyo asiye na kadi hubaki nje ya usaili mwingi. Akienda kuomba kadi, chama kinamuuliza amefanya kazi gani chini ya mikataba yake. Kazi inataka kadi, na kadi inataka kazi.

Wengi huona kwamba huu ni ukuta uliojengwa na waliotangulia ili wanaofuata wasipite. Historia inasimulia vingine. Chama hiki hakiwapimi watu vipaji. Hakina mtihani wa kuigiza, hakina jopo la majaji, wala hakiulizi mwombaji amesoma chuo gani. Swali lake ni moja: je, umefanya kazi? Swali hilo limebeba heshima kubwa, kwa sababu linamtambua mwigizaji kuwa mfanyakazi mwenye haki, si kipenzi cha watazamaji tu. Limebeba udhaifu pia. Anayetoa siku ya kwanza ya kazi ni mwajiri, na kwa hiyo mwajiri ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango wa chama. Tangu mwanzo hadi leo, sheria za uanachama zimekuwa jitihada za kuutoa ufunguo huo, japo kwa sehemu, katika mkono wa mwajiri.

Hollywood kabla ya chama

Chama cha kwanza cha waigizaji kupata nguvu za kweli Marekani kilizaliwa katika kumbi za tamthilia za New York. Tarehe 26 Mei 1913 waigizaji 112 walianzisha Actors' Equity Association. Siku hizo mwigizaji wa jukwaani alifanya mazoezi kwa wiki nyingi bila kulipwa, mara nyingi alijinunulia mavazi ya mchezo, na msafara ukifilisika katika mji wa mbali alijitafutia mwenyewe nauli ya kurudi nyumbani. Agosti 1919 Equity iligoma. Kumbi za Broadway zikafungwa, na baada ya siku 30 wenye kumbi wakakubali kutia saini mkataba. Tangu hapo ikaeleweka kwamba nguvu ya chama cha waigizaji inategemea uwezo wa kumzuia mwajiri asiwakwepe wanachama kwa kuwachukua wasio wanachama.

California haikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Sinema ilikua haraka, na maelfu ya watu kutoka kila jimbo walijazana kwenye mageti ya studio wakisubiri kuchaguliwa kuwa waigizaji wa ziada, wale wanaojaza soko, jeshi au ukumbi wa dansi nyuma ya nyota. Desemba 1925 watayarishaji walianzisha ofisi yao ya pamoja, Central Casting, iliyoandikisha majina ya watu hao na kuwaita kwa simu walipohitajika. Ofisi hiyo ilipunguza msongamano wa mageti na ulaghai wa mawakala, lakini ilikuwa mali ya waajiri. Wao ndio walioamua jina la nani liandikwe na simu ya nani ilie.

Mwaka 1927 wakuu wa studio walipiga hatua nyingine. Kwa wazo la Louis B. Mayer wa kampuni ya MGM, watu 36 waliunda Academy of Motion Picture Arts and Sciences, taasisi ambayo leo dunia inaijua kwa tuzo za Oscar. Miongoni mwa shughuli zake za mwanzo ilikuwa kusuluhisha migogoro ya kazi ndani ya studio, na wengi waliiona kuwa kinga ya kuzuia vyama huru visiingie. Uanachama wake ulikuwa wa kualikwa: waliotambuliwa kuwa na sifa waliitwa, wengine walibaki nje. Equity ilijaribu kuivunja hali hiyo. Juni 1929 uongozi wake uliwaagiza wanachama wasitie saini mkataba wowote wa filamu za sauti usiokuwa wa Equity. Waigizaji wengi waliokuwa wamefungwa na mikataba ya studio hawakuweza kutii, na kufikia Agosti kampeni hiyo ikawa imekufa.

Mwaka wa njaa, mwaka wa ujasiri

Mapema Machi 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin D. Roosevelt alizifunga benki za Marekani kwa muda. Studio zikatangaza kwamba mishahara itakatwa nusu kwa wiki nane, wakisamehewa wale wa kipato cha chini kabisa, na Academy ikashiriki kuupanga mpango huo. Hapo waigizaji walijionea wenyewe kwamba taasisi ya kualikwa na waajiri haiwezi kuwasemea mbele ya waajiri haohao. Machungu mengine yalikuwa yamekwisha kujaa. Boris Karloff alipoigiza katika Frankenstein mwaka 1931 aliwahi kufanya kazi zaidi ya saa 24 mfululizo akiwa amebeba mavazi mazito na vipodozi vizito vya zimwi lile. Hapakuwa na saa maalumu za chakula wala muda wa mapumziko uliowekwa kati ya siku moja ya kazi na nyingine.

Kikundi kidogo kikaanza kukutana kwa siri, kwa sababu jina la mkorofi lilitosha kumfungia mtu milango ya studio zote. Tarehe 30 Juni 1933 Screen Actors Guild (SAG) iliandikishwa rasmi, na Ralph Morgan akawa rais wake wa kwanza. Karloff alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa. Wanachama walikuwa wapatao 80, na wengi wao walikuwa waigizaji wanaoheshimika bila kuwa nyota wakubwa.

Kilichowaleta nyota ni kanuni za sekta ya filamu zilizokuwa zikiandaliwa chini ya mpango wa Roosevelt wa kufufua uchumi. Studio zilitaka ziingizwe vipengele vya kudhibiti malipo ya nyota na kuwabana mawakala wao. Oktoba 1933 nyota walikutana nyumbani kwa Frank Morgan, ndugu yake Ralph. Eddie Cantor, mchekeshaji aliyekuwa na jina kubwa wakati huo, alishikilia kwamba hatua yoyote watakayochukua lazima iwasaidie waigizaji wote, wakiwemo wale ambao bado hawajajulikana. Ndani ya wiki tatu wanachama wakapanda kutoka wapatao 80 hadi zaidi ya 4,000, na Cantor akachukua urais.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga walilijua jambo hili kabla sinema haijakuwepo. Nyota peke yao wangeweza kutishwa au kununuliwa mmoja mmoja. Waliposimama na mamia ya watu wanaolipwa kwa siku, ndipo studio zikakosa pa kukimbilia. Sheria zote za uanachama zilizofuata zinafaa kupimwa kwa msimamo huo wa Cantor.

Jumapili ya ufukweni

Kupata wanachama hakukutosha. Kwa karibu miaka minne studio zilikataa kukitambua chama. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1935, inayoitwa kwa jina la Seneta Wagner, iliwapa wafanyakazi haki ya kujadiliana kwa pamoja, lakini waajiri wengi waliipuuza wakitumaini kwamba mahakama itaifuta. Aprili 1937 Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha.

Tarehe 9 Mei 1937, siku ya Jumapili, rais wa chama wa wakati huo, Robert Montgomery, alikwenda na wenzake nyumbani kwa Mayer katika ufukwe wa Santa Monica. Wanachama walikuwa wamekwisha kuidhinisha mgomo. Jioni hiyo maelfu yao walikusanyika katika uwanja wa Hollywood Legion wakisubiri majibu, na Montgomery akawaletea habari kwamba Mayer na Joseph Schenck, mkuu mwingine wa studio, wamekubali. Mkataba wa kwanza uliweka malipo ya chini ya dola 25 kwa siku kwa mwigizaji wa kutwa, dola 35 kwa anayeigiza michezo ya hatari, na dola 5.50 kwa mwigizaji wa ziada. Muhimu zaidi kwa hadithi yetu, studio zilikubali kwamba kazi ya kuigiza itafanywa na watu wa chama.

Kwa mgeni wa wakati ule mlango ulikuwa rahisi kuueleza. Studio kubwa ziliwaajiri waigizaji kwa mikataba ya miaka, zikawafundisha kucheza dansi, kupanda farasi na kutamka maneno. Aliyepewa mkataba alijiunga na chama kama sehemu ya ajira yake. Ugumu wote ulikuwa kwenye geti la studio, na geti hilo lililindwa na mwajiri.

Sheria ya siku 30

Ndani ya muda mfupi mambo mawili yaligeuza hali hiyo. La kwanza ni sheria ya Taft-Hartley, iliyopitishwa Juni 1947 Bunge lilipoishinda kura ya turufu ya Rais Harry Truman. Sheria hiyo ilipiga marufuku mikataba inayomlazimisha mwajiri kuajiri watu ambao tayari ni wanachama. Iliacha nafasi moja: chama na mwajiri wanaweza kukubaliana kwamba aliyeajiriwa atajiunga siku 30 baada ya kuanza kazi. La pili ni hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1948 dhidi ya Paramount na kampuni nyingine, iliyozilazimisha studio kuachana na kumbi zao za sinema. Mapato ya uhakika yakayeyuka, na mfumo wa kuwaweka waigizaji chini ya mikataba ya miaka ukaanza kubomoka. Mwigizaji akawa mtu wa kuhama kutoka kazi hadi kazi, kampuni hadi kampuni, na kadi yake ndiyo iliyobaki naye kila anapokwenda.

Waliotunga Taft-Hartley walikusudia kuvipunguzia vyama nguvu. Lakini kwa mwigizaji mpya, sheria hiyohiyo ilifungua njia ambayo mpaka leo inatumika, na jina lake limegeuka kuwa msemo wa kila siku wa Hollywood. Mtayarishaji akimwajiri asiye mwanachama katika nafasi yenye maneno, anapeleka ripoti kwa chama ndani ya siku 15 akieleza kwa nini amemchagua mtu huyo. Sababu zinazokubalika ni kama ustadi usio wa kawaida, sura au umbo ambalo halikupatikana miongoni mwa wanachama, au umaarufu katika fani nyingine. Pia ipo ile ya ghafla: mwongozaji anamtazama mwigizaji wa ziada aliyeko kwenye seti na kuamua kumpa neno la kusema mbele ya kamera. Sababu isiporidhisha, kampuni hutozwa faini.

Tangu siku hiyo ya kwanza, mwigizaji huyo ana sifa ya kujiunga. Anaweza pia kuendelea kufanya kazi nyingine za chama kwa siku 30 bila kulipa kiingilio. Baada ya hapo, kazi inayofuata inamdai awe amejiunga. Yaani sentensi moja mbele ya kamera, ikiwa imelipwa kwa mkataba wa chama, inatosha kumbadilishia mtu hadhi yake yote ya kikazi. Chama hakijali kama aliisema vizuri.

Watu wa nyuma ya picha

Sehemu ya historia hii inayoniuma zaidi ni ya waigizaji wa ziada. Walikuwa ndani ya chama tangu miaka ya 1930, lakini katika daraja la chini na bila sauti sawa na wenzao. Maslahi yao yalitofautiana na ya waigizaji wenye majina, na idadi yao kubwa iliwatia hofu waliohisi kwamba wangezidiwa kura. Katikati ya miaka ya 1940 wale wa Hollywood walijitenga, na mwaka 1946 Screen Extras Guild ikashika nafasi ya kuwasemea. Kwa zaidi ya miaka 40 hapo Hollywood, mtu aliyesimama hatua tatu nyuma ya nyota alikuwa wa chama kingine.

Chama hicho kilidhoofika kadiri watayarishaji walivyozidi kuwachukua watu wasio wanachama kwa malipo madogo. Mwaka 1992 kilifikia mwisho, na Screen Actors Guild ikawachukua waigizaji wa ziada tena. Ndipo njia ya vocha ilipopata uzito wake Hollywood. Mkataba unaitaka filamu itumie kwanza idadi maalumu ya waigizaji wa ziada walio wanachama kabla ya kuchukua wengine. Ikitokea mwanachama hakufika, au anahitajika mtu wa sifa fulani, asiye mwanachama anaweza kupewa vocha ya chama kwa siku hiyo na kulipwa kwa viwango vya chama. Akifanya kazi siku tatu kwa utaratibu huo, anastahili kujiunga.

Siku tatu ni chache kwa kusikia, lakini kuna watu waliozisubiri kwa miaka. Msaidizi wa mwongozaji ndiye anayegawa vocha hizo asubuhi kwenye seti, na uamuzi wake hutegemea mahitaji ya picha, bahati, na wakati mwingine upendeleo. Hata hivyo njia hii inastahili kutetewa kwa nguvu zote. Ndiyo pekee isiyomtaka mgeni awe na wakala, shahada au jina. Inamtaka afike alfajiri, avumilie baridi na jua, afuate maelekezo, na arudi tena.

Kiapo mlangoni

Kipo kipindi ambacho chama kiliisaliti kanuni yake ya kuuliza kuhusu kazi peke yake. Katika hofu ya ukomunisti iliyoitikisa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, waigizaji wengi waliwekwa kwenye orodha nyeusi za studio. Badala ya kuwakinga, mwaka 1953 chama kilianza kumtaka kila mwanachama mpya atie saini tamko kwamba yeye si mkomunisti. Swali likahama kutoka kwa kazi ya mtu hadi kwenye imani yake. Mwaka 1967 wanamuziki wa kundi la Grateful Dead, waliotakiwa kujiunga ili waonekane katika filamu ya Petulia, walikataa kutia saini. Tamko likafanywa la hiari, na mwaka 1974 likaondolewa kabisa. Miaka 21 ni mirefu kwa kosa la namna hiyo. Mlango uliojengwa kumlinda mfanyakazi ulitumika kumchuja kwa fikra zake, na waliougeuza hivyo walikuwa waigizaji wenzake.

Njia tatu na bei yake

Mbali na siku moja ya nafasi yenye maneno na siku tatu za uigizaji wa ziada, njia ya tatu ni kupitia vyama ndugu. Mwanachama wa Actors' Equity, wa ACTRA ya Kanada, au wa vyama vya wasanii wa opera na wa maonyesho mbalimbali, akikaa mwaka mmoja na kufanya angalau kazi moja ya uigizaji mkuu chini ya chama chake, anakubaliwa. Zamani njia hii ilikuwa pana zaidi kwa sababu ya AFTRA. Chama hicho kilianza mwaka 1937 kama chama cha watu wa redio na kuchukua televisheni mwaka 1952. Kilimpokea yeyote aliyelipa kiingilio, bila sharti la kazi, na wengi walikipitia kama ukumbi wa kuelekea Screen Actors Guild. Vyama hivi viwili viligombea vipindi vya televisheni kwa miaka mingi, na waajiri wakanufaika na mgawanyiko huo. Jaribio la kuviunganisha lilishindwa mwaka 2003 kwa kukosa kidogo tu asilimia 60 ya kura za Screen Actors Guild iliyohitajika. Tarehe 30 Machi 2012 muungano ulipita, kwa asilimia 82 za kura upande wa Screen Actors Guild na 86 upande wa AFTRA. SAG-AFTRA ikazaliwa ikiwa na kanuni ya kazi, na mlango wa wazi wa AFTRA ukafungwa.

Kuwa na sifa ya kujiunga si sawa na kujiunga. Baada ya muungano, kiingilio cha kitaifa kiliwekwa kuwa dola 3,000, fedha nyingi kwa mtu anayeishi kwa kuhudumu mgahawani. Mwanachama hulipa pia ada ya msingi kila mwaka, pamoja na asilimia 1.575 ya mapato yake ya kazi za chama hadi kikomo kilichowekwa. Akijiunga anafungwa na Kanuni ya Kwanza, inayomkataza kumfanyia kazi mwajiri asiye na mkataba na chama. Filamu ndogo za marafiki na matangazo ya biashara ya mitaani alizokuwa akizitegemea zinakuwa marufuku, isipokuwa watayarishaji wake watie saini mojawapo ya mikataba maalumu ya bajeti ndogo au ya filamu za wanafunzi. Ndiyo maana walimu wengi wa uigizaji humshauri mgeni asikimbilie kadi kabla hajapata uzoefu na kazi za kujionyesha. Ushauri huo ni mzuri, kwa sababu akiwa na kadi atashindana na watu wenye miaka 20 ya kazi.

Hata jina huangaliwa. Chama hakipendi wanachama wawili watumie jina moja la kazi, ili malipo na sifa visichanganywe. Michael Keaton alizaliwa akiitwa Michael Douglas, jina ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe. Michael J. Fox aliongeza herufi kwa sababu kulikuwa na Michael Fox, na Emma Stone aliliacha jina la Emily kwa sababu hiyohiyo.

Mahakama na majimbo

Mashaka kuhusu mlango huu yamewahi kufika Mahakama Kuu. Katika miaka ya 1990 mwigizaji mmoja wa jimbo la Washington alifaulu usaili wa nafasi ya sentensi moja katika tamthilia ya televisheni iitwayo Medicine Ball. Kwa kuwa alikwisha kufanya kazi za filamu zaidi ya siku 30, alitakiwa kulipa ada zinazokaribia dola 500 kabla ya kuanza. Fedha hazikulipwa kwa wakati, na nafasi akapewa mwingine. Katika kesi ya Marquez dhidi ya Screen Actors Guild, iliyoamuliwa Novemba 1998, majaji walikubaliana kwamba chama hakikuvunja wajibu wake kwa kutumia katika mkataba maneno yaleyale ya sheria. Lakini kesi hiyo ilikumbusha jambo ambalo wengi hawaambiwi: kisheria, anachoweza kudaiwa mfanyakazi ni ada ya gharama za kumwakilisha, si uanachama kamili. Anayechagua kulipa hivyo hapigi kura wala hagombei uongozi, na chama humhesabu kuwa amejitoa.

Taft-Hartley iliyaruhusu pia majimbo kukataza kabisa sharti la kujiunga. Georgia, ambako Atlanta imegeuka kituo kikubwa cha filamu, ni mojawapo. Louisiana ni nyingine. Huko mtu anaweza kufanya kazi za chama mwaka hadi mwaka bila kadi. Uhuru huo una gharama, kwa kuwa viwango vya malipo anavyofaidi vilipatikana kwa migomo na ada za wengine.

Mgeni kutoka mbali

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mlango huu una sura nyingine. Hollywood imepiga picha kwetu kwa miongo mingi. The African Queen ilipigwa Kongo na Uganda na kutoka mwaka 1951. Hatari! ilipigwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962, na Out of Africa ilipigwa Kenya na kutoka mwaka 1985. Wenyeji walionekana ndani ya filamu hizo na kufanya kazi chini ya jua lilelile lililowachoma nyota. Lakini siku zao za kazi hazikuhesabika kwa mlango wa California, kwa sababu kinachohesabika ni mkataba ambao kazi imefanywa chini yake. Kadi isiyo na mkataba wa pamoja nyuma yake ni kitambulisho tu. Waigizaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura wanaoota chama chenye nguvu watazame hapo kwanza: wamfanye mwajiri atie saini, kisha kadi itapata thamani.

Anayetaka kwenda kufanya kazi Marekani anakikuta chama hata kabla ya kupanda ndege. Visa ya O-1 kwa wasanii wa filamu na televisheni wenye uwezo wa kipekee, iliyotokana na sheria ya uhamiaji ya 1990, inahitaji maoni ya chama cha wafanyakazi cha fani husika pamoja na ya jumuiya ya waajiri. Safari ya Lupita Nyong'o inaonyesha umbali unaoweza kuvukwa. Mwanzoni mwa karne hii alikuwa mmoja wa wasaidizi waliofanya kazi nyuma ya kamera filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya. Mwaka 2012 alimaliza masomo ya uigizaji katika chuo kikuu cha Yale na kuigiza katika 12 Years a Slave. Januari 2014, kabla ya Oscar yake, alipata tuzo ya Screen Actors Guild ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Tuzo hiyo hutolewa kwa kura za waigizaji wenyewe.

Mlango wa chini

Tarehe 14 Julai 2023 SAG-AFTRA iligoma dhidi ya studio na kampuni za filamu za mtandaoni. Mgomo ulidumu siku 118, hadi tarehe 9 Novemba, ukigusa wanachama wapatao 160,000, ambao zaidi ya asilimia 80 kati yao hawafikii mapato ya mwaka yanayotakiwa ili kupata bima ya afya ya chama. Chama kiliwaonya hata wasio wanachama: atakayefanya kazi katika filamu iliyogomewa hatapokelewa baadaye. Kwa mara nyingine mgeni alitambuliwa kuwa sehemu ya mapambano kabla hajaingia. Kijana asiye na kadi alitakiwa kuzikataa kazi ambazo zingeweza kumpa kadi hiyo.

Miongoni mwa mambo yaliyochelewesha makubaliano ni akili bandia. Waigizaji wa ziada walihofia kuchukuliwa picha za mwili wao siku moja, kisha studio ziutumie mfano wao wa kidijitali milele. Mkataba uliosainiwa unadai ridhaa ya mwigizaji, na hauruhusu mifano hiyo itumike kujaza idadi ya waigizaji wa ziada ambayo filamu inatakiwa kuajiri. Kifungu hicho kinasomwa na wengi kama suala la ujira. Mimi nakisoma kama suala la mlango. Soko, uwanja wa mpira na jeshi la kwenye filamu vikijazwa na sura zilizotengenezwa na kompyuta, hakutakuwa na vocha za kugawa, na ile siku ya kwanza ya kazi kwa mtu asiye na wakala wala jina itatoweka. Chama kitaendelea kuuliza swali lake la haki kuhusu kazi, na wanaoweza kulijibu watapungua mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo wanachama walio ndani wana deni kwa walio nje. Kila mkataba mpya utetee idadi ya waigizaji wa ziada kwa bidii ileile inayotetea malipo ya nyota. Kiingilio kiwe na njia ya kulipwa kidogo kidogo na asiye na akiba. Vocha zigawiwe kwa utaratibu unaojulikana, usiotegemea hiari ya mtu mmoja. Mwaka 1933 nyota waliokuwa na kila sababu ya kujilinda peke yao walichagua kusimama na watu wasiojulikana, na uamuzi huo ndio uliokipa chama maisha. Kitaendelea kuwa chama cha wafanyakazi iwapo asiyejulikana wa leo ataweza kuipata siku yake ya kwanza, kulipwa kwa haki, na kuingia.